Saa Nne Mwisho

Mlangoni pa banda nimeandika kwa mkaa:
KIANGAZI, SAA NNE MWISHO.
Baada ya hapo tandiko halipandi mgongo wowote,
aje nani, na noti za rangi gani.

Mama hupita siku za soko la Sanga,
husimama mbali, shuka begani,
humkagua Bihogo toka masikio hadi mkia.
“Hana pembe. Hakamwi. Haliwi.
Hasa kazi yake nini, Kyosimire?”
Kwetu mnyama huulizwa hivyo.
Lakini ndiye aliyenifundisha kupapasa ng’ombe
kabla hajazira majani.
Mnyama, alisema, halii homa;
huitafuna kimyakimya.

Basi alfajiri, vilima vingali na rangi ya majivu,
nafinya ngozi ya shingo kwa vidole viwili.
Ikirudi upesi, tunakwenda.
Ikisimama kama kunjo la shati, tunabaki.
Nainua mdomo, nabonyeza ufizi,
unakuwa mweupe, nahesabu: moja, mbili,
damu irudi kama mtu aliyeitwa jina.
Chumvi ya Katwe kwenye pumba, kiganja kimoja.
Ndoo mbili za maji ni zake.
Chupa ni ya mgeni,
ambaye kila siku husema hana kiu.

Mkaa ule una asili yake.

Januari moja alikuja Bwana Ssemwogerere wa Kampala,
viatu vipya vikilia kwa kila hatua,
saa tano kasoro.
Nilidaiwa majani makavu ya mwezi mzima.
Nikafunga tandiko.

Tulikwenda taratibu, yeye juu ya Bihogo,
mimi nyuma, juu ya mzee Katogo,
hadi bonde la migunga.
Pundamilia walisimama kichwa kwa mkia,
wakipungiana nzi.
“Waone,” nikasema, “wenyeji hawakimbii saa hizi.”
Yeye akapiga visigino.

Niliwakuta juu ya mlima.
Sikutishwa na jasho. Jasho ni baraka,
hata povu jeupe chini ya hatamu ni baraka.
Nilitishwa na shingo iliyokuwa imelowa
ikakauka, hivi hivi, jua likiwa palepale,
kavu kama jalada la daftari,
na mbavu zikipanda, zikishuka, bila kituo.

“Shuka.”
“Punda afe, mzigo ufike,” akacheka.
“Huyu si punda, bwana. Na mzigo ni wewe.”

Akashuka. Sijui ni aibu ama ni sauti yangu.
Nikalegeza mkanda, nikavua tandiko,
nikamvuta hadi kivuli cha mgunga,
kivuli chenye matundu kama chandarua cha kale.
Maji ya chupa, yake na yangu,
kifuani, shingoni, ndani ya mapaja;
namwaga, nafuta kwa kiganja, namwaga,
maana maji yakikaa juu ya ngozi ya moto
nayo hugeuka uji.
Chupa zikaisha.
Nikahesabu pumzi ubavuni, saa mkononi:
themanini kwa dakika.
Sabini na mbili.
Sabini na mbili tena.
Ssemwogerere alivua kofia, akampepea,
bila kuambiwa, mpaka mkono ukamtetemeka.
Sitini.

Kisha nyuma ya sikio, unyevu.
Tone. Jasho.
Nikageuka nitazame pundamilia kidogo.

Tulirudi kwa miguu jua lilipoinama,
tandiko kichwani pangu kama mtungi,
viatu vipya vimenyamaza kwa vumbi.
Alilipa. Sikumrudishia chenji, naye hakuiulizia.

Siku ya soko nilimsimulia Mama yote.
Hakujibu. Alivuka ua, mara ya kwanza,
akafinya shingo ya Bihogo kwa vidole viwili,
akaachia, akatazama.
“Imerudi,” akasema.
Akajifuta mkono kwenye shuka.
“Lakini bado hakamwi.”