Moja kwa Tatu

Baba aliunyoosha mto huu mwaka niliozaliwa.
Si peke yake. Walikuwa vibarua arubaini,
lori la mchanga, mashine moja ya kukorogea,
na nyapara aliyepuliza firimbi kutwa
kana kwamba maji nayo yangepanga foleni.

Mto Mwavuo, hapa Jomvu, chini ya reli,
ulikuwa ukizurura kama mtoto aliyetumwa dukani:
kona kwa mafunjo, kona kwa mikandaa,
wiki nzima umelala shambani kwa Bi Mishi,
na ukiamka unamwachia tope jeusi na kambare.
Wakasema unapoteza wakati.
Wakaupa njia moja, kuta mbili, na haraka.

Maji hufuata mkondo, tumefundishwa.
Hatukufundishwa yafuate nini
mkondo ukiwa wa saruji.
Yalifuata milango.
Mwaka wa tatu, kuku kumi na saba wa Bi Mishi.
Mwaka wa kumi na moja, choo cha msikiti.
Kisha mwaka wa Mbeyu,
wa darasa la tano, na begi lake mgongoni.

Kila baada ya mvua Baba alikwenda ukutani.
Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Haujapasuka," alisema.
Na kweli haukuwa umepasuka.

Sasa mradi umeniajiri mimi.
Barua inasema ardhioevu, inasema uwanda wa mafuriko.
Sisi tulipaita Topeni, ikatosha.
Kazi yangu ni daftari: nahesabu vigingi,
nahesabu miche, nahesabu matundu ya kaa.

Tingatinga lilianza Jumatatu.
Alhamisi, kipande kimoja kiligeuka
na juu yake, kwa msumari, kabla saruji haijashika:
T. MWAGANDI.
Chini yake tarehe.
Chini ya tarehe, NYAMVULA,
N imeandikwa kinyume.

Miaka thelathini na sita
maji machafu yalipita juu ya jina langu
yakikimbilia bahari bila kulisoma.

Dereva akazima injini. Akauliza kama nakitaka.
Vijana wanne wakakisukuma kwa mkokoteni hadi nyumbani.

Baba hakulia, kama ndilo mlilongoja.
Alipiga magoti, akagonga, akasikiliza.
"Moja kwa tatu," alisema.
"Mchanga wa Mazeras, tukauosha kwanza.
Hawakuuvunja kwa ubovu."
"Hapana, Baba."
"Basi andika."
Nikaandika. Ukurasa wa ishirini na mbili,
kati ya miche ya mikoko na idadi ya kaa.

Mvua za Mei zilishuka usiku.
Mto ukafika penye kuta, ukakuta hakuna kuta.
Ukasita. Naapa niliuona ukisita,
kama mtu aliyefunguliwa kamba
na mikono yake bado iko nyuma.
Kisha ukaegemea kushoto,
ukaingia kwenye matete polepole, kwa mashaka,
ukajikunja, ukatafuta ubavu wa kulalia.
Neno letu ni moja tu,
mto wa maji na mto wa kichwa.
Nilidhani ni ubahili wa lugha.

Sikwambii kila kitu kimepona.
Mwinyihaji alipoteza uwanja wa gereji yake,
tangu hapo salamu yangu anaiitikia ukuta.
Mbu wamerudi kabla ya ndege.
Mifuko ya plastiki imejua kona zote mpya
kabla ya kambare.
Bi Mishi alisimama ukingoni, leso mabegani:
"Umekuya," akauambia mto, kama mgeni aliyekawia.
Kisha akanigeukia mimi na daftari langu:
"Na kuku wangu atalipa nani?"

Kipande kiko mlangoni petu.
Nikitoka Topeni nakwaruzia tope hapo,
kwenye tarehe, kwenye ile N.
Asubuhi Baba hukimwagia ndoo ya maji,
na maji hushuka yakienda upande yatakao.
Hainami kuyaelekeza.
Husimama, kopo mkononi, akiyatazama
mpaka yaishe.