Daftari la Mawe

Mama hakujua kusoma, wala hakuwahi kudhulumiwa debo.
Kutoka Mwaloni hadi kwetu Kabuhoro
njia hupanda katikati ya majabali,
na kila jabali alilikabidhi mdaiwa.

Lile lililopasuka kama mkate: Masalu, madebo mawili.
Lile ambapo pimbi hujianika asubuhi:
mama yake Kulwa, gunia moja, atalipa mbalamwezi ikiisha.
La mjusi mwenye kichwa chekundu: yule bwana wa Ukara
anayecheka kabla ya kusema uongo.

Alipanda taratibu, ndoo tupu kichwani,
akigusa, akinong'ona, akipumua.
Mimi nyuma yake na mkoba wa shule,
nikiona haya, wenzangu wasije wakadhani
mama yangu anaabudu mawe.

Usiku tukimwuliza, "Sayi anadaiwa ngapi?"
hakujibu papo hapo.
Alifumba macho, na tuliona miguu yake
ikitikisika chini ya khanga:
anashuka, anapita kwa fundi baiskeli, anakata kona,
anafika.
"Madebo matatu," anasema, akihema kidogo.

Mwalimu Bitegeko alitufundisha
kwamba akili ni kabati, kila kitu na droo yake.
Niliandika hivyo, nikapata vema.
Sikumwambia kwamba kwetu akili ina mteremko,
ina utelezi wakati wa masika,
na ukivaa ndala zilizolika
hufiki unakokwenda.

Halafu wakaja vijana wa kokoto.
Wakawasha matairi juu ya jabali la Sayi,
wakalimwagia maji. Likalia mara moja tu.
Kisha wiki mbili za nyundo: ko, ko, ko,
na lori.

Mama alisimama mbele ya hewa iliyobaki.
"Hapa palikuwa na mtu," alisema.
"Mtu, na madebo yake."
Hakumpata tena, jina wala sura,
ingawa Sayi mwenyewe alipita mlangoni kila siku
akimwamkia,
naye akiitikia marahaba kama kwa mgeni wa Magu.

Na mimi ninayesimulia haya, niaminini kwa kiasi.
Dagaa ukiwaanika mchangani sharti uwageuze,
na kila ukiwageuza wanaokota mchanga.
Siku ile nimeigeuza mara nyingi mno.
Kaka yangu Maduhu anasema hapakuwa na matairi,
zilikuwa kuni;
anasema mimi nilikuwa Geita kwa shangazi,
nikasimuliwa, nikajitwalia.
Huenda.
Lakini mpira ukiungua popote, hata Shinyanga, hata stendi,
mapaja yangu hukaza
kama mtu anayepanda.

Tulipokwisha kuanua matanga ya mama
Sayi alikuja, mvi tupu, kofia mkononi.
Akaweka noti mezani, akazinyoosha kwa kiganja.
"Madebo mawili," alisema.
"Walipolivunja jiwe langu nilimshukuru Mungu.
Kumi na tisa, miaka kumi na tisa,
kila nikisikia nyundo, naamka."

Mawili? Au matatu?

Nilifumba macho, nikashuka.
Pimbi. Mkate uliopasuka. Fundi baiskeli,
ambaye naye hayupo, ila mafuta yake yangali yananuka.
Nikakata kona, nikafika penye shimo.
Siku hizi lina maji ya mvua, watoto hurusha visoda humo.
Niliinama.
Uso nilioukuta ni wangu,
na ulikuwa umechoka.

"Mawili," nikasema.
Nikamwandikia risiti kwa wino wa buluu,
tarehe, sahihi, kila kitu.
Alipoondoka, Maduhu aliinama kuokota kofia
iliyosahauliwa chini ya meza,
akanitazama kwa namna ya ajabu:
miguu yangu ilikuwa bado inatembea.