Ukumbi Namba Nne

Walikuja na fulana zenye jina lake,
mabinti wa Dundee, mashavu yanametameta,
wakidhani Merrin Tulloch ataimba.
Haimbi.
Dakika tisini na nane hafumbui kinywa
ila kumuuliza mumewe: ulifunga mlango?
Na mume, kila mara: mlango upi?

Mimi husimama nyuma na tochi na ufagio.
Nimeiona mara kumi na moja, vipandevipande,
kama mtu asikilizaye ugomvi wa jirani.
Najua lini ngazi italia.
Najua kikombe kitahama bila mkono.
Na bado mwili hunisisimka.

Kuna pale jikoni: anaosha kisu kisafi,
anakiosha tena,
na koo lile lililojaza viwanja
linatoa mghuno mdogo, noti tatu tu.
Ya nne anaimeza.
Hapo mabinti huacha kutafuna bisi.
Jana mmoja alimshika mwenzake mkono,
akanong'ona: si yeye huyo.

Usiku wa manane nazoa bisi,
naokota glovu moja ya kushoto, nazima taa.
Mvua ya mto Tay inanipiga ubavuni hadi kituoni.
Basi tupu. Dereva, mzee Petrie,
ananitazama kwenye kioo:
"Wimbo gani huo unaoughuna?"

Nanyamaza.
Noti tatu. Ya nne
naishikilia kwa meno,
najiuliza kama nilifunga mlango.

Upi?