Siku za Kukaa

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Ilikwisha kuingia kituoni kabla yake,
ikalala ndani ya daftari la silaha
hata kurasa zikavimba kama maandazi.

Akaingia yeye: koti jeusi, viatu vya mjini,
tope hadi kwenye kamba.
"Ugonile," nikamwambia.
"Salama, afande," akajibu,
kama mtu anayelipa kwa noti kubwa
ili asidaiwe maneno.

Akaweka kaunta kitu kilichofungwa kwa taulo.
Bastola. Fupi, nyeusi,
bado ina joto la kiuno.
Leseni ya Geita, muhuri safi, na picha yake
amenenepa kuliko alivyo leo.

"Nimeambiwa niripoti," akasema, "ila mimi si mgeni.
Nimezaliwa Kyimo. Kitovu changu kiko chini ya migomba ya mama,
na mama mwenyewe yuko chumba cha maiti, Makandana.
Kesho tunamzika."

"Pole," nikasema, na kalamu haikusimama.
"Wewe ni mwenyeji, kaka Ambokile.
Mgeni ni huyu."
Nikamgeuza mgeni ubavu, nikasoma namba.
Sheria ina macho madogo, haioni kitovu;
inaona chuma, inauliza:
kimetoka wapi, kimekuja na nani,
kinalala wapi, kinaondoka lini.

Tukahesabu risasi,
moja moja, zikisimama kaunta
kama watoto wa chekechea mstarini.
Kumi na moja.
Karatasi inasema kumi na mbili.
Tukarudia. Kumi na moja.
Akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu
ila ukungu ukishuka kutoka Rungwe.
"Ile moja," akasema, "ilikuwa usiku.
Walikuwa wanavunja mlango wa duka.
Nilipiga juu. Hewani."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Nadhani hewani."

Nikaandika kumi na moja.
Pembeni, kwa herufi ndogo: *maelezo yatafuata.*

Safu ya mwisho, siku za kukaa.
"Mbili," akasema upesi. "Nazika, naondoka."
Wino ukatanda kwenye unyevu,
ile mbili ikawa bata anayezama.
Nikampa stakabadhi. Akatoka
akipapasa kiuno upande ule ule,
kama aliyeng'olewa jino
na ulimi haujazoea pengo.

Ya pili ikapita. Ya tatu. Ya nne.
Ghalani bastola imelala rafu ya chini,
baina ya gobore bovu na panga la kesi ya mpaka,
kikaratasi shingoni,
kama mtoto mpya wa bweni.

Siku ya tano akaja na buti za mvua,
malengelenge viganjani,
na begani jembe jipya, bei bado imebandikwa.
"Migomba imesongwa na magugu," akasema.
"Na kuna ndugu wameanza kusema
shamba la mama halina mwenyewe.
Jana mmoja alinishika shati."
Sikumuuliza mkono wake ulikwenda wapi
aliposhikwa shati.
Niligusa tu ufunguo mfukoni mwangu.

Akashusha jembe, akaliweka kaunta
pale pale lilipokuwa taulo.
"Hili nalo linaandikwa?"
Nikalitazama. Halina namba.
"Hilo ni mwenyeji," nikasema,
naye akacheka kidogo, cheko la mtu
aliyekuwa amesahau lilipo.

Nikafungua daftari, nikakata ile mbili.
"Niweke ngapi?"
Akafikiri, maji yakidondoka kutoka kofiani
juu ya jina lake mwenyewe.
"Acha wazi."
"Safu haiachwi wazi."

Tukasimama hivyo, kalamu yangu hewani,
mvua ikiendelea na kazi yake.
"Ndaga," akasema mwishowe,
neno lake la kwanza la nyumbani,
na mimi nilikuwa bado sijampa kitu.