Tanbihi ya 212

Mgeni siku mbili; ya tatu walimpa jembe:
kurasa mia tatu na tanbihi zake,
penseli nyekundu, na kadi ya kuning'iniza shingoni
iliyoandikwa MWANAGENZI
kwa herufi kubwa kuliko jina lake.

Jina lake Ieva. Katoka Kaunas,
mwaka wa nne wa sheria,
na barua tatu za walimu wanaomsifu
na sufuria moja, kwa kuwa mama yake
haziamini sufuria za nchi za watu.

Hapa The Hague analala darini kwa Bi Tjitske,
mjane mwenye mbwa asiyependa mvua
katika mji ambao mvua ndiyo mwenyeji.
Kodi ni nusu. Nusu ya pili ni mbwa:
saa kumi na mbili alfajiri, saa mbili usiku,
wanavutana kamba kando ya mfereji
na haijulikani nani anamtembeza nani.

Posho? Fomu ilijibu kabla hajauliza:
Shirika halilipi. Shirika linatoa uzoefu.
Uzoefu haupandi tramu.
Uzoefu, uchemshe usiku kucha,
hautoi mchuzi.

Celso, wa meza ya dirishani, katoka Asunción.
Kauza pikipiki ya kaka yake apate miezi mitatu hapa;
kaka anajua imeuzwa, hajui kwa bei gani.
Wa meza ya tatu ni mtoto wa balozi,
hushangaa kwa nini wenzake hawashuki mkahawani.
Barua zao za kukubaliwa zilifanana neno kwa neno:
Umechaguliwa kwa uwezo wako.
Uwezo una maana mbili.
Aliyeandika hakutaja ipi.

Kesi ni ya mto. Dola mbili zinaugombea,
mawakili wao wamevaa majoho, wanaitana rafiki msomi.
Ieva hayaoni majoho.
Yeye yuko chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo,
anapalilia nukta, koma, mwaka, juzuu,
mpaka macho yanawasha kama aliyemenya vitunguu.

Wiki ya sita akafika mia mbili na kumi na mbili.
Shahidi wa arobaini na saba, mfugaji,
aliyeeleza jinsi maji yalivyorudi usiku
yakawakuta kondoo wamefungiwa zizini.
Rasimu inamwita Toktosonova.
Kiambatisho cha tisa: Toktosunova.

Ieva akashuka ghalani, akaomba sanduku,
akatia saini mara mbili, akavaa glavu.
Karatasi ilikuwa ya daftari la shule.
U ya kule ina mkia, kama Y,
na herufi hizo bibi yake alifunzwa kwa lazima,
naye akamfunza mjukuu kwa siri, kwa mchezo.
Mama yule aliuvuta mkia
mpaka ukagusa mstari wa pili,
kalamu ikatoboa karatasi.

"Rasimu imefungwa," alisema Bwana Okkerse.
"Herufi moja haigeuzi mto."
"Haigeuzi," Ieva alisema. Hakuondoka mlangoni.
"Ila huyu tuliyemwandika
hajazaliwa. Na kondoo hakuwa nao."

Chai ya Okkerse ilikuwa inapoa.
Akatafuta fomu ya masahihisho, akaigeuza huku na huku:
ina nafasi ya jaji, ya katibu, ya mfasiri.
Ya mwanagenzi haina.
Basi akatia saini yake mwenyewe,
na pembeni, kwa penseli, ndogo sana:
I.

Saa mbili usiku, mvua, mbwa, simu.
"Leo umefanya nini?" mama aliuliza.
"Nimeitoa O, nimeweka U."
Kaunas ikanyamaza kidogo.
"Siku nzima?"
"Siku nzima."
"Na wamekulipa?"

Ieva alicheka hadi mbwa akageuka kumtazama.
Tramu ya mwisho-mwisho ikapita, taa zote zinawaka,
haina mtu ndani.
Akalitamka jina lile lote, polepole,
kwa U yake.
Mbwa akavuta kamba. Mvua ilikuwa inazidi.