Kaimati Haipo Hapo

Saa nne asubuhi majibu ya damu ya Mwanakombo
yalitumwa kuchapishwa, hayakutoka.
Skrini yasema tayari. Printa imelala,
karatasi zimeishiba, hakuna iliyoguswa.

Printa hiyo jina lake ni Kaimati.
Marehemu Shekuwe ndiye aliyezipa majina mashine zote
za hospitali hii ya Lamu: Kaimati, Visheti, Mofa.
"Tarakimu," akisema, "hazina ladha."
Lakini mashine haili jina. Yataka tarakimu,
kama mgeni wa Mtamuini:
mwoneshe mlango, usimsimulie ukoo.

Basi nikafuata kila moja inavyouliza.

Ya mapokezi hupiga ukelele:
"Kaimati! Nani Kaimati?"
Zote za jengo lile husikia, mwenye jina huitika,
kama Bi Rukiya dirishani akimwita mwanawe kichochoroni.
Ila ruta ni ukuta wa matumbawe.
Ng'ambo yake hawajui kama kuna aliyeitwa.

Ya duka la dawa haina makelele.
Humwendea karani wa majina, seva ya ghorofani,
naye jina la mbali asipolijua haoni haya:
huuliza walio juu yake, hata shinani,
akarudi na jibu lenye muda wake.
"Lishike saa moja. Kisha uniulize tena."
Naipenda adabu hiyo,
ya kujua kwamba watu huhama.

Na ya maabara?

Haikuuliza mtu.
Ndani yake nikakuta faili kongwe, kidaftari cha mfukoni,
mkono wa Shekuwe: kaimati, na tarakimu zake
za kabla hatujavuta nyaya mpya.
Kilicho mfukoni husomwa kwanza.
Mwenye daftari haulizi ndia,
hata nyumba iwe gofu ataibisha hodi.

Tarakimu zile siku hizi ni za Visheti, stoo.
Nikashuka mbio.
Majibu ya Mwanakombo yalikuwa juu ya maboksi ya glavu,
na ya wengine saba, tangu Jumanne.

Nikaufuta mstari. Chini yake palikuwa na mwingine,
umeanza kwa alama ya reli, mjini kusiko na reli,
ile alama ambayo mashine ikiiona hupita bila kusoma:

*Kaimati ikihama, nikumbusheni.*

Huo nimeuacha.