Nani Anakujua?

Ghorofa ya pili, Ang'awa Street, Kisumu, saa tisa usiku.
Naituma maktaba ya msimbo ikapige hodi kwa seva ya zahanati:
imepokelewa.
Tena: imepokelewa.
Tena, mkono unasukumwa. Cheti hakiaminiki.

Nililaumu mtandao. Nililaumu mvua
iliyotoka ziwani jioni ikakata stima Nyalenda.
Nikang'oa toleo jipya, nikarudisha la zamani,
nikachokoa saa ya mashine,
mwishowe nikaandika "jaribu tena" ndani ya kitanzi,
aibu ikanikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Kosa la kila mara unajua linakolala.
Hili ni mdeni: ukilifuata, halipo;
ukimwita bosi aje alione, linatabasamu,
imepokelewa, imepokelewa.

Alfajiri Apondi akaingia na chupa ya chai na swali:
"Hilo jina moja, nyuma yake mna mashine ngapi?"

Tatu.

Nikazigonga mojamoja, kwa anwani, si kwa jina.
Mbili zikatoa karatasi zote.
Ya tatu ikatoa cheti chake kitupu;
cha kati, kinachomdhamini, hakikuwepo.
Nikajiona mwaka ule kwenye dirisha la vitambulisho,
cheti cha kuzaliwa mkononi,
barua ya naibu wa chifu sina,
na karani, bila kuinua macho:
"Nani anakujua?"

Faili moja, mistari ishirini na minane.
Nikainakili. Nikapiga hodi mara mia tatu.
Chai ikapoa.
Hata ile ya mia tatu nilisita kuiamini.